Chai ya Mama Jumapili (Mama hayumo humu)

IJUMAA

*Da Zai amebadilisha jina la kikundi kutoka "Arobaini ya Mzee" kuwa "Chai ya Mama Jumapili (Mama hayumo humu)"*

[13:12] Da Zai: Asalaam aleykum jamani. Keshokutwa ndiyo Jumapili na humu ndani kimya. Nilisema toka wiki iliyopita, tunampikia Mama chai nzito ya saa nne. Ile ya alfajiri anywe mwenyewe kama kawaida yake. Saa nne, akishamaliza kufagia uwanja, akute meza imejaa.

[13:13] Da Zai: Vitumbua, mbaazi za nazi, mayai ya nyanya na kitunguu, chai ya maziwa yenye tangawizi, papai. Hakuna cha kumshinda mtu hapo.

[13:13] Da Zai: Mchango elfu kumi na tano kila mtu, namba yangu ni ile ile.

[13:14] Da Zai: Na leo naulizia kitu kimoja tu: NANI ANALOWEKA MCHELE KESHO JIONI? Mchele wa vitumbua unalala majini usiku kucha. Ukilowekwa asubuhi tutakula saa nane.

[13:40] Baba Mdogo: 🌹🌹 Ijumaa Kareem. Mwenyezi Mungu atujaalie kheri za siku ya leo sisi na vizazi vyetu 🌹🌹

[13:41] Da Zai: Amin Baba Mdogo, shikamoo. Mchele jamani.

[14:40] Rashidi: Zile mbaazi za Idi alipika nani vile? 😂

[14:41] Saumu: 😂😂😂

[14:41] Da Zai: Rashidi usianze.

[14:42] Rashidi: Nauliza tu dada yangu. Jirani alitoka na ndoo ya maji.

[14:44] Da Zai: Ziliungua kwa sababu ulikuwa unanisemesha. Na wewe ulikula sahani mbili.

[14:45] Rashidi: Nilikuwa naficha ushahidi.

[15:05] Hawa: Wa aleykum salaam wote. Da Zai, huku Leicester Siku ya Mama ilikuwa Machi. Nilishampigia na kitu kidogo nikamtumia. Nampongeza tena?

[15:06] Da Zai: Machi imetoka wapi? Si Jumapili ya pili ya Mei?

[15:09] Hawa: Waingereza wanafuata Kwaresima, Jumapili yake ya nne. Hiyo ya Mei ni ya Wamarekani, Rais Wilson ndiye aliyeitangaza 1914.

[15:10] Rashidi: Mwalimu kaingia darasani, simameni.

[15:10] Rashidi: Na huko Maskati je, Kaka Omari?

[15:58] Kaka Omari: 21 Machi

[15:59] Rashidi: Kwa hiyo Mama ana siku tatu kwa mwaka na zote anapika yeye.

[16:00] Da Zai: Kaka Omari shikamoo, afadhali umeonekana. Mchango kaka.

[16:02] Da Zai: Kaka?

[17:20] Saumu: Da Zai, kliniki walimwambia Mama apunguze sukari. Vitumbua vya sukari hapana.

[17:22] Da Zai: Unga tunautia kijiko kimoja tu cha kuchangamsha hamira, anayetaka utamu achovye kwenye asali. Hilo limeisha. Mchele anaweka nani?

[17:25] Saumu: Mimi niko naye nyumba moja, nikiloweka ataona. Halafu chuma cha vitumbua hakipo.

[17:25] Da Zai: Hakipo kimekwenda wapi?

[17:27] Saumu: Kilikuwa ndani ya lile sufuria.

[17:28] Rashidi: Eee. Tumefika.

[17:31] Da Zai: Mimi sisemi kitu. Nasema tu kwamba sufuria la Mama la kupikia watu mia lilitoka nyumbani siku ya arobaini likiwa zima, na kuna gari lilirudi Dar siku ile ile. Aliyenalo anajijua. Alirudishe hata usiku, hatutauliza.

[17:33] Hawa: Da Zai.

[17:33] Da Zai: Nimemtaja mtu?

[18:15] Wifi Asha: Habari za jioni. Gari lililorudi Dar siku ile lilikuwa moja tu na nilikuwemo mimi na watoto. Miaka miwili sasa kila mkikutana sufuria linatajwa nikiwa nimekaa hapo hapo. Nimetuma elfu kumi na tano ya mchango na ya Omari nimeilipia. Mchele wa vitumbua uwe wa zamani, mpya unanata, kitumbua kinang'ang'ania chuma. Usageni mpaka mkiusugua vidoleni msisikie chembe, na ukishaumuka msiukoroge tena, mchote taratibu kutoka pembeni. Jioni njema.

[18:16] Rashidi: 👀

[18:40] Baba Mdogo: Nauza tofali za block nchi sita, ninazo 400, bei maelewano. Mjulishe na mwenzako.

[18:52] Da Zai: Waliotuma: Wifi Asha (mbili), Hawa. Humu tuko kumi na wanne. Binamu zangu wa Korogwe nawaona mnasoma, alama za buluu hizo.

JUMAMOSI

[09:03] Da Zai: Sabalkheri. Mimi saa nane napanda basi la Tanga, nikifika usiku nalala chumbani kwa Saumu. Mbaazi ninazo, nimezichambua jana. Hizo naloweka mwenyewe kwenye kopo humu humu ndani ya basi, mniache. Nazi sita anunue Rashidi soko la Ngamiani. Zile kavu, uitikise usikie maji. Mchele bado hauna mwenyewe.

[09:30] Rashidi: Nazi nimepokea amri. Nikizitikisa zote sokoni watanipeleka kwa mganga.

[11:47] Hawa: Jamani sasa mnapikia wapi? Kama ni jikoni kwa Mama, hakuna cha kumshtukiza hapo, ataamka.

[11:50] Da Zai: Tutapika uani kwa mkaa.

[11:51] Saumu: Da Zai hii ni Mei. Mvua tangu usiku, uani bata wanaogelea.

[11:52] Rashidi: Tukaange bata.

[11:52] Da Zai: RASHIDI.

[14:26] Mama Mkubwa: 🎤 Ujumbe wa sauti (3:12)

[14:40] Rashidi: Mmh.

[14:41] Hawa: Mmh kweli.

[15:20] Da Zai: Niko kwenye basi, mtandao mdogo, haifunguki. Amesemaje?

[15:22] Da Zai: Jamani amesemaje?

[15:31] Rashidi: Saumu mwandikie.

[15:33] Saumu: Mbona mimi?

[15:33] Rashidi: Wewe ndiye mdogo.

[15:52] Saumu: Haya. Naandika kama alivyosema, msinilaumu.

"Marahaba nyote mlioniamkia, na wasioniamkia nimewaona. Tangu jana nawasoma, nilikuwa natafuta miwani. Kwanza hilo sufuria. Liko kwangu, uvunguni mwa kitanda, na chuma kimo ndani. Mama yenu alilileta mwenyewe kwa bajaji, arobaini ikiwa imepita mwezi mmoja, akasema dada niwekee. Sababu yake mtamuuliza yeye. Mkiona hamwezi kumuuliza yeye, basi na Asha msimuulize.

Pili, nasikia mnapika. Mkipika jikoni kwake mtakuwa mmemwamsha tu mapema. Yule akisikia sufuria imegusa jiko ameshajifunga kanga. Mimi nimekula naye tangu tuko wadogo Pangani. Anakaa kwenye kibao mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje, anasikilizia nani ataongezewa, na akija kula yeye wenzake wananawa. Pikieni kwangu hapa Makorora, mkampelekee kwenye hotpoti. Na mmoja wenu akae naye barazani amshike mkono, asiinuke.

Tatu. Vitumbua na mbaazi nani kawaambia anavipenda? Hicho kilikuwa chakula cha baba yenu, Mungu amrehemu, na nyie mkarithi. Yeye ni mtu wa muhogo. Muhogo wa nazi, tasi wa kukaangwa akakauka, na chai ya mchaichai. Sukari hakuwa akitia hata kabla ya hao madaktari wenu. Basi. Na Omari anipigie."

[15:53] Saumu: Mwisho kuna jogoo anawika, hilo siandiki.

[16:38] Wifi Asha: Shikamoo Mama Mkubwa. Ahsante.

[16:59] Da Zai: Tumekusikia Mama Mkubwa, shikamoo. Niko Chalinze. Haya, turudi kwenye mchele.

[17:00] Hawa: Da Zai.

[17:00] Da Zai: Nini?

[17:04] Hawa: Hamna.

[17:10] Rashidi: Mimi nilijua Mama anapenda mbaazi. Ananipakulia mpaka zinamwagika.

[17:11] Saumu: Anakupakulia WEWE.

[17:30] Hawa: Miaka yote hii. Mimi kila nikija nambebea pakiti za chokoleti za kunywea chai.

[17:31] Saumu: Anazigawa madrasa.

[17:48] Da Zai: Nimefikiria. Vitumbua vinabaki kwa sababu wageni watakuwepo, muhogo tunaongeza. Muhogo nao ni rahisi tu, menya, toa ule mzizi wa katikati, chemsha na chumvi, maji yakikaribia kukauka tia tui jepesi na pilipili nzima bila kuipasua, mwisho tui zito moto mdogo. Rashidi, tasi utapata soko la samaki la Deep Sea?

[18:05] Rashidi: Kwa mvua hii nitapata anayeuza kibua cha barafu. Tasi ni alfajiri, boti zikirudi.

[18:06] Da Zai: Basi alfajiri.

[18:06] Rashidi: Alfajiri ya saa ngapi dada?

[18:07] Da Zai: Kwani alfajiri ziko ngapi?

[18:20] Da Zai: Na wageni gani? Mtaniuliza. Nimemwalika mama mkwe mtarajiwa wa Saumu.

[18:20] Saumu: UMEFANYA NINI

[18:21] Rashidi: 😂😂😂😂😂

[18:22] Saumu: Da Zai hiyo ilikuwa siri. Nilikwambia wewe peke yako.

[18:24] Binamu Korogwe: Hongera Saumu 🎉

[18:24] Da Zai: Huyo kaonekana! Mchango!

[18:25] Da Zai: *Binamu Korogwe amezima taarifa*

[18:26] Rashidi: Mtu akizima taarifa haionekani humu, Da Zai amejiandikia mwenyewe 😂

[19:44] Da Zai: Segera. Saumu usininunie. Tutaongea nikifika. Mchele nani kaweka? Giza limeshaingia.

[19:50] Da Zai: Nani kaweka mchele?

[20:15] Rashidi: Mimi nimeweka kilo moja hapa geto, kwenye ndoo. Nimeona mnahangaika.

[20:16] Da Zai: Ndoo ya nini?

[20:19] Rashidi: Nimeisuuza.

[20:40] Saumu: Na mimi nimeweka, vikombe viwili, kwenye bakuli chini ya meza nikafunika na ungo. Nilikuwa sijaona ujumbe wa Rashidi.

[20:41] Hawa: Si Mama Mkubwa alisema mpikie Makorora?

[20:42] Saumu: Hakuna aliyesema nani anakwenda kufungua mlango Makorora. Saa mbili usiku huyo ameshalala.

[20:44] Da Zai: Nitampigia.

[20:51] Da Zai: Hapokei.

[21:12] Saumu: Jamani.

[21:12] Saumu: Mama ameona mchele.

[21:13] Da Zai: Umemwambia nini?

[21:15] Saumu: Sijamwambia kitu. Ameinua ungo, ameutia mkono, ameuliza huu ni wa watu wangapi. Nikanyamaza. Akasema hautoshi, kaongeza vikombe viwili. Sasa hivi kakaa kwenye mbuzi anakuna nazi.

[21:15] Rashidi: Nazi ipi? Nazi ninazo mimi.

[21:16] Saumu: Alikuwa nazo nne zake.

[21:17] Da Zai: Mnyang'anye huyo mbuzi.

[21:17] Saumu: Njoo umnyang'anye wewe.

[21:20] Hawa: Muulizeni basi kama anataka muhogo.

[21:34] Saumu: Nimemuuliza. Anasema muhogo wa nini na watoto wanapenda vitumbua. Halafu kauliza kama Asha naye anakuja, amtengee vya kurudi navyo Dar.

[21:36] Saumu: Nimjibu nini?

[21:52] Saumu: Wifi Asha unakuja?

[22:09] Da Zai: Nimeshuka stendi ya Kange, mvua kubwa. Rashidi njoo na pikipiki unichukue, nina kopo la mbaazi mkononi.

[22:21] Da Zai: Rashidi

[22:24] Da Zai: Msilale. Na huo mchele wa ndoo uumwage.

[22:31] Wifi Asha: Mwambieni Mama nitampigia mwenyewe asubuhi.

[22:58] Kaka Omari: Ni Jumapili hii au ijayo?