Waliozaliwa na tatizo la moyo na kuchelewa kukua: tupeane uzoefu

Wazazi wenzangu, habari zenu. Binti yangu ana miezi 14. Alizaliwa na tundu kwenye moyo, likazibwa akiwa na miezi 5, na daktari kasema moyo sasa uko vizuri. Lakini hajasimama dede, na kutambaa kwenyewe anaburura makalio. Kila mtu ananiambia "atatembea tu". Wenzangu mlipitia nini?

Mama Mapacha: Mimi kipimo ninacho ndani ya nyumba. Kulwa mzima, Doto alizaliwa mishipa mikubwa ya moyo imebadilishana nafasi. Baada ya upasuaji tukaambiwa wiki 6 tusimnyanyue kwa makwapa, mfupa wa kifua uunge. Wiki zikaisha, mimi nikaendelea kumbeba kama yai. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akaniuliza, "Shingo itapata wapi nguvu, naye yuko mapajani kutwa?" Tukaanza kumlaza kifudifudi dakika mbili mbili, kioo mbele yake. Alikuwa analia, akijiona ananyamaza, anainua kichwa. Kulwa alitembea na miezi 12, Doto 19.

Baba Kitindamimba: Kwetu ilikuwa kusema. Alilishwa kwa mpira wa puani miezi mitatu, baadaye kijiko kikikaribia anageuza uso. Ana miaka miwili, maneno manne! Tukasema mvivu (Mungu atusamehe). Kumpima, kumbe sikio moja halisikii vizuri. Pimeni masikio, msikisie.

Nesi Mstaafu: Kuziba tundu si mwisho wa habari. Wengine ubongo hupata oksijeni pungufu tangu tumboni, halafu kuna upasuaji na kulazwa muda mrefu. Mwaka 2012 Shirika la Moyo la Marekani lilishauri waliopasuliwa moyo wakiwa wachanga wafuatiliwe ukuaji wao, na wapimwe tena na tena. "Atatembea tu" si kipimo.

Bi Mkubwa: Wangu ana miaka 8, anakimbia, anaongea mpaka unachoka. Shida imehamia darasani. Hatulii, na ukimtuma vitu viwili analeta kimoja, tena kile ambacho hukukihitaji.

Mwanzisha mada: Bi Mkubwa umenichekesha na kunitisha pamoja. Mama Mapacha, mwezi wa tisa huu tangu apasuliwe na bado namnyanyua kwa kumpitishia mkono chini ya matako. Kioo nimeshakitoa ukutani.