Uvimbe wa figo kugandishwa: ni kweli au naletewa hadithi?

Mama Pweza, Mikindani
Shikamooni wakubwa, wadogo habarini. Mjomba wangu wa Newala, miaka 71, alikwenda kupigwa utrasaundi ya tezi dume, wakakuta kitu kwenye figo ya kushoto. CT ikasema uvimbe wa sentimita 2.8, daktari anahofia saratani. Mwenyewe haumwi, asubuhi hii kanipigia yuko shambani anapuliza salfa. Moyo wake mbovu, na kisu hataki hata kukisikia. Sasa binamu aliyeko Uingereza katuma sauti ya dakika sita (anapenda kuongea huyo), eti huko uvimbe unagandishwa kwa sindano, mtu hachanwi. Mie nauza pweza, barafu ndiyo kazi yangu. Barafu inatunza nyama, itauaje saratani?

Mtu wa Mionzi
Binamu yako hajakosea, dada. Ndani ya sindano inapita gesi ya agoni kwa presha kubwa. Ikifika nchani inatanuka ghafla, baridi inashuka hadi nyuzi 100 chini ya sifuri na zaidi. Daktari anaipitisha mgongoni huku akitazama picha za CT. Tonge la barafu analiona likikua, jeusi, analiacha liupite uvimbe kidogo pande zote. Wanagandisha kama dakika 10, wanayeyusha, wanagandisha tena. Nikuulize: pweza aliyelala friza ukimyeyusha anakuwaje?

Mama Pweza, Mikindani
Analainika, maji yanamtoka. Huna haja ya kumpiga kwenye jiwe. Weee! Kumbe!

Mtu wa Mionzi
Ndiyo hivyo. Barafu inapasua seli, na vijishipa vya damu vya pale vinaziba. Inafaa zaidi uvimbe usiozidi sentimita 3 au 4. Ila wachukue kinyama wapime kwanza, maana si kila uvimbe mdogo wa figo ni saratani. Na kama anameza dawa za kuzuia damu kuganda, aseme mapema. Kutoka damu ndiyo hatari yenyewe.

Babu Nachingwea
Mimi figo nilitolewa nzima, kovu linaanzia ubavuni linaishia karibu na kitovu. Msikimbilie kuuza shamba kwa ajili ya nauli ya ndege. Umri ule na moyo ule, muulizeni daktari kama uvimbe unaweza kuangaliwa tu kwa picha kila baada ya miezi kadhaa. Wapo wanaoishi nao, haukui haraka.

Mtu wa Mionzi
Babu kanena. Hata ukigandishwa, picha za kufuatilia hazikwepeki, maana mabaki hutokea mara nyingi zaidi kuliko ukikatwa. Yakionekana, unaweza kugandishwa tena.

Mama Pweza, Mikindani
Nimempigia, nikampa habari ya pweza. Kauliza: ukishalainika unatokea wapi?

Mtu wa Mionzi
Hautoki. Unasinyaa humohumo, unabaki kovu.

Mama Pweza, Mikindani
Kasema haya, mikorosho iliyobaki atamwachia kijana, Jumatatu anapanda gari kuja Mtwara kuonana na daktari. Binamu nimemwambia apunguze sauti, aandike.