Mrejesho: Mdogo wangu na daftari lake

Wakuu, habari za siku. Niliwauliza kama mdogo wangu, anayeishi na skizofrenia (ugonjwa wa akili) kwa miaka 9, anaweza kusaidiwa na mtu asiye daktari. Vidonge alikuwa anameza, ila amejifungia tu ndani huku Kibosho, Moshi. Mkanishauri nitafute mtu aliyepitia hali hiyo mwenyewe. Nilimpata kupitia muuguzi wa kliniki.

Kaka huyu hatoi dawa wala hapimi ugonjwa. Siku ya kwanza nilitegemea mawaidha, yeye akamuuliza tu, "Ukiwa mzima unakuwaje?" Dogo akanyamaza weee, kisha akasema, "Naamka kabla ya mama, nakata majani ya ng'ombe." Nilitoka nje nikalia. Miaka mingi sijamsikia akijieleza.

Wameandika kwenye daftari dalili zake za mapema: kulala kwa masaa mawili matatu tu, kuzima redio akidhani inamsema. Pia nani apigiwe simu, na kitu gani hataki kufanyiwa. Mpango wa namna hii ulianza Marekani mwaka 1997, na waliouandaa ni watu wanaoishi na maradhi ya akili wenyewe.

Mwezi uliopita usingizi ukapotea. Akanijia na daftari, kidole kwenye mstari: "Dada, tumefika hapa." Tukawahi kliniki, daktari akarekebisha dozi, hakulazwa. Kwa hiyo jamani, dawa msiache.

Mama bado anataka maombi peke yake. Tunaendelea kuongea naye taratibu. Leo alfajiri nimekuta ng'ombe wameshawekewa majani.