Baba ana moyo dhaifu, na sasa figo: anywe maji kiasi gani?

Binti wa Kondele: Baba ana moyo dhaifu na sukari, sasa figo pia. Kliniki ya moyo imemwongezea Lasix, dawa ya kukojosha maji. Ya figo inasema amekauka, anywe zaidi. Miguu imevimba hadi magotini, na tangu juzi analala ameketi. Nimsikilize nani?

Nesi, Ahero: Pole sana, dada. Kulala ameketi kunanitia wasiwasi: apelekwe hospitali leo, asingoje siku ya kliniki. Andika dawa zote kwenye karatasi moja, kila daktari aione. Je, anameza dawa za maumivu?

Binti wa Kondele: Diklofenaki, ya magoti. Tunanunua dukani.

Nesi, Ahero: Hiyo aiache! Inazuia chumvi na maji mwilini, inaumiza figo na kupunguza nguvu ya Lasix. Waambie madaktari wote, maana mgonjwa hudhani dawa ya dukani si dawa. Kama anameza spironolaktoni, dawa nyingine ya moyo ya kukojosha, apimwe potasiamu, madini yaliyo kwenye damu; figo zikidhoofika potasiamu hupanda, na inaweza kusimamisha moyo. Akirudi nyumbani, mpime uzito kila asubuhi akishakojoa, kabla ya chai. Kilo 2 zikiongezeka ndani ya siku 3, hayo ni maji.

Baba Otis, Nakuru: Mke wangu aliwekewa lita moja na nusu kwa siku, chai na uji vikihesabiwa. Kipimo cha mzee atakisema daktari wake, usichukue chetu.

Binti wa Kondele: Asanteni. Tunatafuta gari. Nabeba paketi zote.