Re: Kura ya Ilhan Omar, Agosti au Novemba?

Kutoka: Kijana wa Fridley

Wakubwa, shikamooni. Nimeapa uraia majuzi na nataka kupiga kura yangu ya kwanza. Kazini wananiambia kiti cha Ilhan Omar, mbunge wetu wa Democratic kwenye Congress (bunge la Marekani), huamuliwa Agosti, Novemba ni kukamilisha ratiba tu. Si ndiyo anapambana na Republican Novemba? Naombeni ufafanuzi.

Kutoka: Mzee wa Richfield

Marahaba mwanangu, na hongera sana. Hawajakudanganya. Eneo bunge letu la 5 la jimbo la Minnesota (Minneapolis na vitongoji vyake, na Fridley yako imo) limeshikwa na Democratic tangu 1963. Angalia Novemba za huyu mama: 2018 alipata asilimia 78, 2020 akapata 64, kisha 74 mwaka 2022 na 74 tena 2024. Ile 64 isikutishe. Mwaka huo kulikuwa na mgombea wa chama cha kuhalalisha bangi aliyezoa karibu asilimia 10.

Jasho linamtoka kwenye mchujo, ile kura ya Agosti ya kuchagua mgombea wa chama. Hata alipoanza, 2016, alimwangusha kwenye mchujo wa Agosti Phyllis Kahn, aliyekuwa kwenye bunge la jimbo tangu 1973. Miaka miwili baadaye Keith Ellison akaacha kiti cha Congress akagombee uanasheria mkuu wa jimbo, wakajitokeza kadhaa. Ilhan akapata 48, na aliyemfuata, spika wa zamani wa bunge la jimbo Margaret Anderson Kelliher, 30. Mwaka 2020 alikuja wakili Antone Melton-Meaux na mamilioni ya dola za kampeni, akaangukia pua.

Halafu 2022. Don Samuels, diwani wa zamani wa Minneapolis, mzaliwa wa Jamaica, hakuwa na fedha za kutisha kama yule wakili. Alikuwa na hoja moja: polisi. Novemba 2021 wakazi wa jiji walikataa pendekezo la kuiondoa idara ya polisi na kuweka nyingine ya usalama wa umma. Ilhan aliliunga mkono, Samuels alilipinga. Kura zilipohesabiwa Agosti ilikuwa 50.3 kwa 48.2, tofauti isiyofika kura 2,500 kati ya zaidi ya laki moja. Nadhani kambi ya Ilhan ililala, maana 2024 walipokutana tena Ilhan alifanya kampeni kwelikweli na akashinda 56 kwa 43.

Sisi tuliotoka Kenya tunampenda kwa sababu alikaa kambi ya wakimbizi kwetu miaka minne utotoni. Sawa, lakini mapenzi hayahesabiwi kituoni. Mchujo ni Jumanne ya pili ya Agosti, wakati nusu yetu tuko likizo nyumbani. Kama utasafiri, kura ya mapema hufunguliwa siku 46 kabla, yaani mwishoni mwa Juni.

Kutoka: Dada wa Brooklyn Park

Mzee amesema yote ila ya makaratasi. Minnesota unaweza kujiandikisha siku ileile ya kura. Ukikosa ushahidi wa anwani, jirani aliyejiandikisha kituo chako anaruhusiwa kuapa kwamba unaishi hapo. Mwajiri lazima akupe muda wa kwenda kupiga kura bila kukukata mshahara. Kwenye karatasi ya mchujo chagua safu ya chama kimoja tu. Ukichanganya vyama, kura zako za vyama zinaharibika.

Wenye grini kadi (kibali cha ukaazi wa kudumu, si uraia), tafadhali sana: MSIPIGE kura ya Congress na msijiandikishe. Mkienda kuomba leseni ya gari someni kila kisanduku kabla ya kutia sahihi. Kosa hilo linaweza kumrudisha mtu kwao.

Na hakikisheni eneo bunge lenu. Huku kwetu ni la 3. Kila harusi tunagombana kuhusu Ilhan, na meza nzima haina mwenye kura yake hata mmoja!

Kutoka: Kijana wa Fridley

Asanteni mno. Mama yangu bado ana grini kadi na anataka kusaidia kampeni. Inaruhusiwa?

Kutoka: Dada wa Brooklyn Park

Kugonga milango na kupiga simu kwa kujitolea, ruksa. Kuchangia fedha zake mwenyewe pia, kwa kuwa ni mkaazi wa kudumu. Aliye na viza tu asitoe hata senti. Na mwambie mama alikariri jina la mbunge wake, kwenye usaili wa uraia huwa wanaliuliza.