Shule za umma Marekani: mwanafunzi akitukana nje ya shule, aadhibiwe?

Mleta mada: Wakuu, tuanze na kesi ya Mahanoy, Pennsylvania, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 2021 kwa kura 8 kwa 1. Binti kakosa nafasi kwenye timu kubwa ya washangiliaji. Jumamosi, akiwa dukani, akatupia Snapchat picha ya kidole cha kati na tusi kwa shule na timu. Picha ilikuwa ifutike yenyewe, lakini mwenzake akainasa kwa simu nyingine, ikafika kwa makocha. Akafungiwa mwaka mzima kwenye timu ya wadogo. Mahakama ikasema shule imekosea, imevunja uhuru wake wa kusema uliomo kwenye katiba. Sasa nidhamu inabaki kwa nani?

Chaki: Kwa mzazi. Hoja ya Jaji Breyer, aliyeandika hukumu hiyo, ilikuwa hiyohiyo: mtoto akitoka shule, kwa kawaida yuko mikononi mwa wazazi. Shule ikidhibiti kauli za darasani na za nyumbani, mwanafunzi habaki na hata saa moja kati ya 24 ya kusema lake. Na ushahidi wenyewe ulikuwa mwembamba jamani: dakika 5 hadi 10 za kipindi cha aljebra, siku mbili hivi, watu wakiijadili picha, na baadhi ya wanatimu kukereka. Basi.

Mzee wa Vifungu: Msisome nusu. Hukumu hiyohiyo imeiachia shule uonevu mkali unaomlenga mtu, vitisho kwa walimu au wanafunzi, na kuchezea mifumo ya usalama ya shule, hata yakifanyika nje ya geti. Kipimo cha msingi bado ni cha Tinker, kesi ya Iowa ya 1969, ya vitambaa vyeusi mkononi kupinga vita vya Vietnam: masomo yawe yamevurugika kwelikweli, au pawepo sababu za maana za kutarajia hivyo, au haki za wengine ziwe zimeingiliwa. Hofu ya mkuu wa shule peke yake haitoshi. Shule huanguka kwenye karatasi: barua imejaa "utovu wa nidhamu", lakini kipindi gani kilisimama, kwa dakika ngapi, nani alishindwa kusoma, hakuna.

Mleta mada: Na gazeti la shule?

Mzee wa Vifungu: Hilo ni kapu jingine. Kesi ya Hazelwood, Missouri, 1988: mkuu wa shule aliondoa kurasa 2 zenye makala za mimba za wanafunzi na talaka, akashinda kwa kura 5 kwa 3. Chombo kikibeba jina la shule, mhariri wa mwisho ni shule, ilimradi sababu iwe ya kielimu. Ila angalieni sheria ya jimbo kwanza. California inawalinda waandishi wanafunzi zaidi ya hapo tangu 1977. Na shule binafsi msizitie humu: katiba hapa inaibana serikali tu.

Chaki: Aliyesimamishwa masomo, hata kwa siku 10 au pungufu, kesi ya Goss ya 1975 inampa haki ya kuambiwa kosa, kuelezwa ushahidi akikana, na kusikilizwa. Aombe kwa maandishi, mapema.

Mleta mada: Sawa, ila Jaji Thomas, aliyepinga peke yake, ana hoja: aliyemo kwenye timu ya shule ana nguvu ya kuiumiza kuliko mwanafunzi wa kawaida.

Chaki: Kwa hiyo anayeitumikia shule jioni awe na haki pungufu kuliko anayewahi nyumbani? Kwa kocha hilo linaingia akilini. Kikatiba, mimi bado halijashuka kooni.