Nimefika kwenye lenta: nibadilishe ramani sasa au niendelee na kupaua?

Mkazi wa Kibada

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Ninajenga nyumba ya kuishi huko Kibada, Kigamboni, yenye vyumba vitatu vya kulala, sebule, chumba cha kulia, jiko na stoo, na eneo lake lote ni kama mita za mraba 120. Jamvi, yaani zege la sakafu ya chini, limemwagwa, kuta zimesimama kwa matofali ya inchi 6, na Jumamosi iliyopita mafundi wamemaliza kufunga lenta, ule mkanda wa zege lenye nondo unaopita juu ya milango na madirisha. Mbao za kenchi, yaani fremu za kubeba paa, nimekwisha kuzinunua na kuzitia dawa. Mabati sijayalipia bado, ingawa kiwanda kimekwisha kuchukua vipimo.

Katika wiki hii moja yameletwa mapendekezo matatu ya kubadilisha ramani, na kila mmoja anayependekeza ni mtu ambaye siwezi kumpuuza. Kaka yangu mkubwa alikuja kuiona nyumba, akashauri nisipaue kabisa, bali nimwage slabu, yaani dari ya zege lenye nondo, ili baadaye nipandishe ghorofa. Fundi amemuunga mkono na kunitajia shilingi milioni 16, na kaka ameahidi kuchangia milioni 5. Mama yangu, ambaye magoti yanamsumbua, tumekubaliana ahamie kwangu kutoka Korogwe, na chumba nilichomtengea hakina bafu wala choo cha ndani. Kukiongezea ni milioni 2.8. Mke wangu naye, baada ya kuziona kuta zikiwa zimesimama, anaona sebule ni finyu na angependa ukuta unaoitenganisha na chumba cha kulia uondolewe wote, kazi ambayo fundi ameikadiria kwa laki 9.

Nimebakiwa na milioni 21, ambazo nilizipangia paa, madirisha na milango ya nje. Naomba ushauri wa waliopita njia hii: lipi nilifanye sasa, lipi lisubiri, na lipi nilikatae hata kama litaniletea maneno katika familia?

Mhandisi Mstaafu

Hongera kwa hatua uliyofikia. Nitaanza na slabu, kwa sababu hayo mengine mawili ni ya fedha na ladha, lakini hilo ni la usalama.

Zege lenye nondo lina uzito wa kilo 2,400 hivi kwa kila mita moja ya ujazo. Slabu yenye unene wa sentimita 15 juu ya mita za mraba 120 ni mita za ujazo 18, yaani zaidi ya tani 43, kabla hujaweka boriti, ukuta wa juu, paa la juu, maji, samani na watu. Paa la mbao na mabati ambalo nyumba yako iliandaliwa kulibeba halikaribii uzito huo hata kidogo. Sasa muulize fundi swali moja tu: nguzo zitasimama wapi? Nyumba ya ghorofa husimama juu ya nguzo ambazo nondo zake huanzia kwenye kitako cha zege kilichochimbiwa ardhini, na ukubwa wa kitako hicho hutokana na udongo wa mahali hapo. Nguzo haiwezi kuanzia kwenye jamvi. Ili uzipate leo itakubidi ukate kuta, uvunje jamvi, uchimbe pembeni mwa msingi uliokwisha kubeba ukuta, kisha uanze upya. Na ninavyoona, gharama hiyo haimo katika hizo milioni 16. Ikiwa imo, basi naomba radhi kwa fundi, lakini sijawahi kuona bei ya namna hiyo.

Yapo mambo mengine mawili ambayo kaka hakuyataja. Slabu inayosubiri ghorofa miaka mitano au kumi ndiyo inayokuwa paa la nyumba kwa muda wote huo, na isipowekewa mteremko na kuzuiliwa maji ipasavyo itavuja kila masika, huku nondo zilizoachwa zikichungulia juu zikiliwa na kutu, hasa huko kwenu karibu na bahari. Aidha, kibali chako cha ujenzi bila shaka kilitolewa kwa michoro ya nyumba ya chini. Ukitaka ghorofa itakupasa urudi halmashauri na michoro mipya, ikiwamo ya mhandisi aliyesajiliwa. Tuliokuwa Dar es Salaam tarehe 16 Novemba 2024, siku jengo lilipoporomoka Kariakoo, hatulichukulii jambo la mzigo wa jengo kwa mzaha.

Kaka yako mwambie kwa heshima kwamba milioni 5 zake zingefaa sana katika msingi wa nyumba nyingine.

Mama Nasra

Mimi si mtaalamu, ila nilijenga, na kosa langu linahusu hilohilo la bafu. Mama mkwe wangu alipokuja kuishi nasi nyumba ilikuwa imekwisha kupauliwa. Tukaongeza bafu kwa nje na kulifunika kwa kibanda cha mabati kilichoegemea ukuta, chini kidogo ya paa kubwa. Pale mabati mapya yalipokutana na ukuta pakawa ndipo mahali pa kuvujia. Tumezibua na kuziba masika mawili mfululizo, tukapiga lipu upya, tukapaka rangi upya, na bado doa linarudi. Wewe hujapaua. Ukijenga bafu sasa, paa moja litafunika vyote, na hapatakuwa na maungio ya kukusumbua. Kwa hiyo katika mambo yako matatu, mimi ningeliweka hilo mbele, hata kama madirisha ya vyumba vingine yatasubiri kwa kuzibwa na mbao.

Ila usiwaachie mafundi wakajenga bafu la kawaida. Mlango uwe na upana wa sentimita 90, kwa sababu leo mama anatembea kwa fimbo na kesho huenda akahitaji kushikwa mkono na mtu mwingine wakapita wote wawili. Kusiwe na kizingiti wala ngazi. Sakafu ya bafu iteremke kidogo kuelekea kwenye tundu la maji badala ya kushushwa yote kwa inchi mbili kama wanavyopenda kufanya. Na ukutani karibu na choo pajazwe zege imara mahali pa kufungia chuma cha kushikia, maana skrubu kwenye tofali tupu hung'oka.

Kuhusu sebule, nitasema ukweli ingawa dada yangu huyo hatapenda. Kuta zikiwa hazijapigwa lipu, hazina dari wala mwanga wa kutosha, kila chumba huonekana kidogo. Mimi nililia kwa ajili ya sebule yangu, na leo naiona kubwa kupita mahitaji. Mpeleke akakae kwenye sebule ya mtu yenye vipimo kama hivyo, iliyokwisha kuwekwa makochi, kisha ndipo aamue.

Mkadiriaji Majenzi

Nakubaliana na Mhandisi kuhusu slabu, na na Mama Nasra kuhusu bafu, isipokuwa kuhusu ukuta nina neno tofauti kidogo. Si jambo la kuahirishwa bila uamuzi, kwa kuwa kenchi bado hazijaundwa. Fundi wa paa ataweka nguzo za katikati za kenchi juu ya kuta za ndani anazozikuta. Akishazilaza juu ya ukuta huo, kuuondoa baadaye kutakuwa na maana ya kulishikilia paa kwa mirunda. Amueni kabla hajaanza, hata kama uamuzi wenyewe ni kuuacha. Njia ya katikati ni kutouondoa wote, bali kufungua uwazi wa mita 2 au 2.4 chini ya lenta iliyopo, baada ya mhandisi kuangalia nondo zilizomo, na kuacha vipande vya ukuta pande zote mbili. Mwanga na hewa vitapita, sebule itaonekana imepanuka, na hutahitaji boriti mpya.

Sasa bei ya bafu. Milioni 2.8 huenda ni halali na huenda si halali. Hatuwezi kujua mpaka ipasuliwe. Mtake fundi aandike kando kando: kuchimba na kujenga msingi, matofali na saruji, mabomba na vifaa, mbao na mabati ya ziada, na ufundi. Uliza pia bafu litakaa wapi. Akikuambia atakata kona ya chumba ndani, ujue atavunja jamvi ambalo umekwisha kulilipia ili apitishe bomba la inchi 4, na bomba hilo linahitaji kushuka kama sentimita 1 kwa kila sentimita 40. Likiwa na urefu wa mita 6 mpaka kwenye chemba ya maji machafu, linashuka sentimita 15. Bafu likijengwa kwa nje ya ukuta, bomba linatoka moja kwa moja uwanjani na jamvi linabaki salama. Mlango nao si kazi kubwa: chumba kina dirisha kwenye ukuta wa nje, dirisha tayari lipo chini ya lenta, kwa hiyo unakata matofali yaliyo chini yake mpaka sakafuni na kujenga upana unaobaki. Lenta haiguswi.

Kiwandani piga simu leo. Mabati hukatwa kwa vipimo vya mteja, na yakishakatwa hayarudishwi. Ukiongeza mabati machache baada ya mwezi, unaweza kupata rangi iliyofifia tofauti na yale ya kwanza. Mabadiliko yoyote mtakayokubaliana yaandikwe kwenye karatasi pamoja na bei na siku za ziada, mtie sahihi wote wawili, kabla kazi haijaanza. Maneno ya "tutaelewana" ndiyo yanayomaliza milioni 21.

Mkazi wa Kibada

Mzee wangu Mhandisi, shikamoo, na wengine wote nawashukuru sana. Nimemuuliza fundi swali la nguzo. Alinyamaza, kisha akasema tungeweka "nguzo ndogo ndogo kwenye kona". Nimemshukuru na tumeachana na slabu. Kaka amenuna siku mbili, halafu akapiga simu kuuliza kama ile milioni 5 inaweza kuingia kwenye bafu la mama, jambo ambalo sikulitarajia.

Bafu litajengwa kwa nje, na bei baada ya kupasuliwa imeshuka hadi milioni 2.3, kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa na kuvunja jamvi ndani yake. Mke wangu amekubali uwazi wa mita 2.4. Kiwanda kimesimamisha ukataji mpaka Ijumaa.

Limebaki jambo moja. Nilipomweleza mama kwenye simu, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: dirisha langu likigeuzwa kuwa mlango wa bafu, upepo utaingilia wapi? Sikuwa na jibu, kwa sababu chumba kile kina dirisha hilo tu. Kiko kwenye kona, na ukuta wake wa mashariki ni mtupu. Je, naweza kukata dirisha jipya hapo wakati huu ambapo lenta imekwisha kufungwa?

Mhandisi Mstaafu

Marahaba. Mama ameona lililotupita sote, na mpe salamu zangu.

Unaweza. Lenta imezunguka kuta zote, hivyo dirisha jipya likikatwa chini yake halitadhoofisha kitu, na upande wa mashariki utampa pepo za kusi na kaskazi kwa zamu zake. Liwe na upana wa mita 1.2, lisizidi hapo, na acha angalau sentimita 60 za ukuta mzima kutoka kwenye kona. Zege la lenta likimwagwa huchukua siku 28 kufikia nguvu yake iliyokusudiwa, na la kwako ni la Jumamosi iliyopita. Kwa hiyo endelea kulimwagilia maji wiki hii, fundi achimbe msingi wa bafu kwanza, na nyundo ya dirisha, ya mlango na ya uwazi wa sebule ije baadaye.